Kabla hujamnunua kiti cha pweza mwenye vinundu vyekundu

Binamu yangu aliyeko Muscat ana maradhi ya matangi. Alianza na samaki wa maji baridi, akachoka nao, akahamia maji ya chumvi. Sasa sebuleni kwake kuna matumbawe, taa za buluu, na pampu ambazo mkewe anaapa zinakula umeme kuliko viyoyozi. Majuzi akanitumia picha kutoka dukani: mnyama wa pembe tano, kijivu, vinundu vyekundu mgongo mzima, amejibandika kwenye kioo. Chini yake ameandika, "Dada, huyu si yule wa kwetu? Nimchukue?"

Ndiye. Na jibu langu lilikuwa hapana. Akataka sababu, nikaanza kumwandikia, ujumbe ukawa mrefu mpaka simu ikaniuma vidole. Nimeona bora niuweke hapa, maana swali hili huulizwa na wengi, na maduka hayana haraka ya kulijibu.

Wanasayansi wanamwita Protoreaster lincki. Jina la pili linamkumbuka Johann Heinrich Linck, mfamasia wa Leipzig aliyechapisha kitabu kizima juu ya viti vya pweza mwaka 1733. Makazi ya mnyama mwenyewe ni Bahari ya Hindi, kuanzia kwetu Afrika Mashariki na Madagaska, kupita Shelisheli, India na Sri Lanka, hadi Indonesia na kaskazini mwa Australia. Ni mkubwa. Ncha hadi ncha anaweza kufika sentimita 30, yaani hatoshi kwenye sahani ya kawaida ya wali. Rangi yake ya chini ni kijivu au nyeupe iliyofifia, na juu yake kuna mistari myekundu inayoviunganisha vinundu kimoja na kingine. Katikati vinundu hivyo vimeinuka sana. Karibu na ncha za mikono kuna vingine vilivyotokeza pembeni, na hapo ndipo unapomtofautisha na nduguye Protoreaster nodosus, mwenye vinundu vya kahawia au vyeusi, ambaye biashara ya matangi humwita wa chokoleti. Huyo wa chokoleti ni wa mashariki zaidi, huko Ufilipino na Pasifiki.

Nenda upande wa mashariki wa Unguja siku za bamvua, asubuhi maji yakishatoka. Kati ya ufuo na mwamba, maji yanabaki ya magoti, kwingine ya vifundo vya miguu, na chini ni mchanga na nyasi bahari mpaka macho yanachoka. Wanawake wanatawanyika na vijiti vyao kuchokoa pweza. Viti vya pweza wamelala humo humo, mmoja hapa, watatu pale, na hakuna anayewatazama mara mbili. Hawaliwi, hawana bei sokoni. Neno pekee nililowahi kumsikia shangazi yangu akilisema juu yao ni onyo kwa watoto waangalie wanapokanyaga, maana vinundu vile vikikuingia kwenye unyayo utavikumbuka hadi jioni.

Wanaonekana hawafanyi kitu. Lakini mfuatilie mmoja kwa muda mawimbi yakiwa yametulia, utaona anakwenda, tena anakwenda akila. Jani la nyasi bahari halina lishe kubwa kwake; anachokitafuta ni kile kilichoota juu ya jani na juu ya mchanga: utando wa vijimea na vijidudu, sponji ndogo, minyoo waliojijengea mirija, konokono, chaza, mzoga wa samaki ulioachwa na mkondo. Akikuta tumbawe laini analila pia. Ndiyo maana anahitaji uwanja. Kipande kimoja cha mchanga kikishapunguka chakula, anahamia kingine, na bahari inakiotesha tena kile cha nyuma yake.

Uwanja huo una vyumba vyake pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu nduguye wa chokoleti huko Ufilipino ulionyesha kwamba wadogo huishi kwenye sehemu zao maalumu za malezi, na wakishakomaa ndipo hutoka kuungana na wakubwa. Hukomaa wakiwa na miaka miwili au mitatu. Mwenye urefu wa sentimita 10 kutoka katikati hadi ncha alikadiriwa kuwa na miaka mitano hadi sita, na wale wa sentimita 14 walikisiwa kufika miaka 17. Fikiria hilo unapomwona mkubwa kwenye ndoo ya dukani. Huyo hakuzalishwa na mtu. Viti vya pweza hawa humwaga mayai na mbegu baharini, na mabuu yao huelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, jambo gumu kulifanya kwenye shamba la samaki. Kila mkubwa anayeuzwa ameokotwa kwenye nyasi za mtu fulani.

Sasa mwili wenyewe, kwa sababu humo ndimo sababu zangu zilimo.

Nafasi nzuri ya kumwona chini ni akiwa amepanda kioo. Utaona kinywa katikati, na kutoka kinywani mifereji mitano, mmoja kwa kila mkono. Ndani ya kila mfereji kuna safu mbili za miguu laini, myembamba, inayopitisha mwanga, kila mmoja ukiishia na kikombe kidogo. Itazame inavyotembea: huu unarefuka, ule unafupika, wa tatu unapapasa hewani kama haujaamua. Hakuna mpigo wa pamoja kama wa tandu. Kila mguu una kifuko chake cha maji ndani ya mwili. Kifuko kikibanwa, maji yanashuka na mguu unarefuka. Msuli wa mguu ukikaza, maji yanarudi juu. Watu wengi hudhani vikombe vile vinashika kwa kufyonza tu, kumbe kazi kubwa inafanywa na gundi. Mguu unatoa gundi kunata, kisha unatoa kemikali nyingine ya kujinasua. Nyayo za gundi hiyo hubaki nyuma kwenye kioo, ingawa kwa macho matupu huzioni.

Maji yanayoendesha mitambo yote hiyo ni maji ya bahari. Juu ya mgongo, pembeni kidogo mwa katikati, kuna kibamba cha chokaa chenye matundu membamba mno, na hapo ndipo mabomba ya ndani yanapounganika na maji ya nje. Hana figo. Hana namna ya kujirekebishia chumvi kama afanyavyo samaki. Chumvi ya nje ikishuka, ya ndani inashuka nayo, na kila chembe ya mwili wake inaipata habari hiyo papo hapo. Anapumua kwa miguu hiyo hiyo na kwa vijipovu laini vya ngozi vilivyochomoza katikati ya vinundu, kwa hiyo hata sumu ndogo kwenye maji haina mlango wa kubishia hodi. Inapita tu.

Ubongo hana, ana pete ya neva kuzunguka kinywa na uzi wa neva kwenye kila mkono. Ila usimfanye pambo kwa ajili hiyo. Kwenye ncha ya kila mkono kuna jicho. Mwaka 2014 watafiti Anders Garm na Dan-Eric Nilsson walichapisha majaribio yao na kiti cha pweza wa buluu, Linckia laevigata, ambaye naye yuko kwenye miamba yetu. Waliwaweka wanyama hao mita moja hivi kutoka kwenye mwamba, nao wanyama wakarudi mwambani kwao moja kwa moja. Waliotolewa macho walitangatanga ovyo. Jicho hilo halioni rangi wala sura, lakini linatambua kivuli kikubwa cha mwamba, na linamtosha. Halafu mwaka 2023 watafiti, Laurent Formery akiwa mmoja wao, wakaandika kwenye jarida la Nature kwamba jeni zinazochora kichwa kwa wanyama wengine ndizo zinazofanya kazi karibu ngozi yote ya kiti cha pweza, na zile za kiwiliwili hazionekani kabisa hapo. Kwa maneno mengine ni kichwa tu, bila kiwiliwili, kinachotembea. Hilo halihusiani na tangi la binamu yangu, lakini nikilijua kitu cha namna hiyo siwezi kukaa nacho peke yangu.

Tumbo ndilo linalohusiana. Ana tumbo la sehemu mbili, na moja hulitoa nje. Hana meno wala taya. Akikuta kitu kinacholika anakilalia, analitandaza tumbo juu yake kupitia kinywani, anakiyeyusha palepale, kisha analirudisha ndani pamoja na supu. Wewe unaona mnyama ametulia saa nzima juu ya jiwe ukasema amelala. Akiondoka, jiwe lina doa jeupe.

Chakula kilichosagwa huhifadhiwa kwenye tezi zinazojaza mikono, mbili kwa kila mkono. Hiyo ndiyo ghala yake. Kwenye nyasi bahari ghala inajaa na kupunguka, maisha yanaendelea. Kwenye tangi safi lenye mchanga uliooshwa na mawe mapya, ghala inapunguka tu. Anakula utando wa kioo, anamaliza. Anakula sponji iliyokuja na jiwe, anamaliza. Baada ya hapo anaanza kuila ghala, wiki baada ya wiki, na wewe huoni lolote. Samaki akikonda tumbo linaingia na kichwa kinaonekana kikubwa. Huyu mwili wake umejengwa kwa vibamba vya chokaa vilivyoshikana, na tishu zinazoviunganisha zinaweza kukaza zenyewe kwa amri ya neva. Ndani akiwa amebaki mtupu, nje ana umbo lile lile la siku ulipomnunua. Ndiyo maana hao wanaokaushwa na kuuzwa kwa watalii wanaonekana wazima.

Ugumu wake ndio unaomponza. Wauzaji husema "huyu ni mgumu, anavumilia," na kweli anavumilia: anakufa miezi kadhaa baada ya kosa kufanyika, na mwenye tangi anatafuta sababu kwenye mambo ya jana. Ukisoma wanayoandika wafugaji wenyewe, hadithi hiyo inajirudia: alikuwa salama kabisa, ghafla akalegea. Kwa maoni yangu neno "ghafla" hapo si lake.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba akishiba, tangi ndilo linaloumia. Binamu yangu ana matumbawe laini aliyoyatunza kwa fedha ambazo hamwambii mkewe. Kumweka kiti cha pweza huyu humo ni kumfungulia mbuzi shamba la mchicha. Atakula tumbawe laini, atakula sponji, atamlalia chaza, atawatoa minyoo kwenye mirija yao, na akimkuta kiti cha pweza mwenzake mdogo hatamwonea haya. Tena ni mzito. Mawe yaliyopangwa bila kushikizwa atayaangusha. Kwa hiyo ana njia mbili tu kwenye tangi la matumbawe la kawaida: afe njaa, au ashibe kwa vitu vyako.

"Basi nitamtafutia tangi lake mwenyewe," akanijibu. Hapo nikamheshimu kidogo, tukaanza kuongea.

Tangi lake mwenyewe liwe na sakafu kubwa kuliko kimo. Lita 400 ni pa kuanzia kwa aliye mdogo. Mtu mzima wa sentimita 30 humo atageuka tu kama gari kwenye uchochoro. Liwe limekaa na maji kwa muda mrefu, angalau mwaka, mchanga umeota uhai na mawe yamepata rangi. Joto nyuzi 24 hadi 27, chumvi gramu 35 kwa lita, na visipande wala kushuka. Maji yanayokauka juani Muscat yanaacha chumvi nyuma, kwa hiyo kujaza maji matamu ni kazi ya kila siku au ya mashine. Kumimina ndoo nzima kwa mkupuo ni kumwadhibu. Dawa zenye shaba, ambazo wafugaji wa samaki hutibia madoadoa meupe, zisiguse tangi hilo, hata kama zilitumika zamani, maana shaba hubaki kwenye mawe na mchanga.

Siku ya kumleta ndiyo ya hatari kuliko zote. Usimtoe kwenye mfuko ukamtumbukiza. Pima chumvi ya maji ya mfuko na ya tangi, halafu tumia mpira mwembamba wenye kifundo, maji ya tangi yadondoke tone tone kwenye ndoo yake kwa saa kadhaa, mpaka vipimo viwe sawa. Anapohamishwa, ahamishwe na maji yake, kwa chombo. Ukimng'oa kwenye kioo kwa nguvu, ile miguu iliyonata inakatika na kubaki kiooni.

Chakula ni juu yako, si juu ya tangi. Mara mbili tatu kwa wiki chukua kipande cha kamba, ngisi au chaza, kibichi, kisichotiwa chumvi wala ndimu (naandika hivi kwa sababu nawajua ndugu zangu), ukiweke chini ya mkono wake au mbele ya njia yake. Atakisikia kwa harufu, atakipandia, na utamwona mgongo unainuka katikati tumbo linapofanya kazi. Kilichobaki kiondoe. Wenzake wa tangi wawe samaki watulivu. Bunju na kikande hawafai kabisa. Watamdonoa ncha za mikono, na yeye hana mbio. Kuna pia yule kamba mwenye madoa, Hymenocera, ambaye chakula chake ni viti vya pweza na si kingine. Wafugaji wake hununua hawa wa vinundu wakawakata mkono mmoja mmoja kumlisha. Nimeliandika hilo kwa sababu lipo. Kulipenda ni jambo jingine.

Si kamba wote ni maadui. Mmoja mdogo sana, Zenopontonia soror, huishi chini ya tumbo la viti vya pweza, wetu akiwemo, na rangi yake huwa karibu na ya mwenyeji wake: mwekundu kwa mwekundu. Hajulikani kumdhuru. Ukimnunua kiti cha pweza, mchungulie chini, huenda umenunua wawili.

Kama unataka kujua hali yake, usisubiri madoa. Tazama kwanza mshiko: mzima akipanda kioo ananata barabara, mikono imelala bapa. Tazama miguu: ukimkaribia kwa kidole inajikunja ndani, kisha inarudi. Kipimo ambacho hata maabara hutumia ni kumgeuza chali, ndani ya maji, ukahesabu muda. Mzima ananyonga ncha za mkono mmoja au miwili, miguu inatafuta mchanga, inashika, kisha mwili mzima unajikunja na kupinduka. Ni polepole, lakini unaona nia. Mgonjwa anapapasa bila mpango, au anabaki hivyo hivyo. Usimfanyie mchezo huo kila wageni wakija, unamchosha. Ncha zikianza kulainika, vidonda vyeupe vikatokea na ngozi ikamenyeka, mtenge mara moja, kwani akifa humo ataoza na wengine.

Sheria nayo isisahaulike. Viti vya pweza hawamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tofauti na matumbawe magumu na chaza wakubwa wa miamba, na hiyo ni sababu moja ya wao kuuzwa kwa urahisi. Lakini kutokuwemo humo si ruhusa ya kuokota. Kwenye hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, huruhusiwi kutoa kitu chochote baharini, na kusafirisha viumbe hai wa bahari kutoka Kenya au Tanzania kunahitaji leseni. Anayekuambia atakuletea mmoja kwenye begi anakutafutia kesi.

Huku nyumbani pia hatuwatendei haki, ingawa hatuwafugi. Juya la kokoro likikokotwa kwenye nyasi bahari linang'oa nyasi na kuwazoa viti vya pweza kwa ndoo, kisha wanaachwa ufukweni wakikauka huku watu wakichagua samaki. Na boti za watalii zina mtindo wa kumpa kila mgeni wake amshike mkononi au amweke kichwani apigwe picha. Najua mnyama huyu huachwa nje ya maji kwa muda mfupi bamvua likizidi, na hafi. Ila pale amelala kwenye mchanga wenye unyevu, mara moja kwa kupwa. Kung'olewa, kunyanyuliwa juani, kurushwa, kisha kung'olewa tena na boti inayofuata ni habari nyingine. Nahodha akitaka kuwafurahisha wageni awape miwani, wazamishe uso. Maji yenyewe ni ya kifuani.

Na kama umeshamnunua na sasa unajuta, usimpeleke baharini. Hata kama bahari ni hii hii ya Hindi, amekaa kwenye maji yaliyokaa na wanyama wa kutoka pande zote za dunia, na hujui amebeba nini. Mtangaze kwa wafugaji wenye matangi makubwa ya samaki tu, yasiyo na matumbawe, au uliza kituo cha maonyesho ya samaki kilicho karibu nawe kama wanampokea. Mpaka apatikane wa kumchukua, endelea kumwekea kipande chake cha ngisi.